Goti la Tizón

Estero Hondo, Jumapili 14 Januari 1996

Yasna,

Mbwa wa kazi harushiwi vijiti. Nimekulea miaka kumi na saba katika nyumba hii na hilo sikukufundisha, kwa sababu sikudhani kuna mtu wa kufundishwa. Mbwa wa mjini hana la kufanya, mrushie kijiti ajione naye ana kazi. Tizón ana kondoo sitini na watano. Wewe ulimchezesha pale mtoni sikukuu ya Wafalme Watatu, tarehe sita, unarusha, analeta, unarusha, mpaka akageuka vibaya kwenye mawe na kupiga kelele niliyoisikia nikiwa jikoni, mlango umefungwa. Kesho yake ukapanda basi ukaenda zako.

Haya, nimesema. Sasa salamu. Mimi mzima, ila mgongo. Viazi vimetoa maua. Kuku mmoja amechukuliwa na kipanga, yule mwekundu, hakuwa anataga hata hivyo. Mama yako ameandika kutoka Argentina, anasema kazi ipo na baridi haipo, kana kwamba nilimwuliza habari za baridi.

Alhamisi alikuja daktari wa mifugo kuogesha kondoo dawa. Nikamwambia, ukimaliza hao nitazamie na huyu. Akamlaza ubavu, akashika paja kwa mkono huu na muundi kwa mkono huu, akavuta. Mfupa ukaja mbele kama droo ya kabati.

"Umeona, mama?"

"Nimeona. Sasa irudishe hiyo droo."

"Hairudi. Kano ya ndani ya goti imekatika. Hiyo ndiyo iliyokuwa inaizuia mifupa hii miwili isipishane."

Akasema kuna kupasuliwa, huko kaskazini kwenye mji mkubwa, na mbwa apande ndege. Au kuna risasi. Nikamwuliza, katikati ya ndege na risasi hamna kitu? Akasema kipo, ila kinataka subira, na watu wa huku subira hawana. Watu wa huku. Chai yangu ya mate alikunywa vibuyu vitano bila kuwa na haraka.

Unajua hali ilivyo, lakini nitaiandika usije ukasema hukuelewa. Mwezi wa Mei kondoo lazima washuke kutoka malisho ya juu kabla ya theluji. Bila mbwa sishushi hata mmoja, miguu yangu ina miaka sabini na miwili. Mjomba wako Eladio ana chumba amenipakia rangi huko mjini Coyhaique tangu mwaka juzi, anangoja sababu tu. Sababu ndiyo hiyo imelala chini ya ghala, inalamba goti. Kwa hiyo Eladio asijue.

Wewe unafanya kazi kwa daktari wa wanyama. Najua unafagia na kushika paka. Muulize huyo daktari wako hicho kilicho katikati ni kitu gani, uniandikie wazi, kwa herufi kubwa.

Bibi yako,
Zunilda Jaramillo

*

Coyhaique, 22 Januari 1996

Shikamoo Bibi,

Barua yako imefika Jumamosi na nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilisoma nimesimama, nikashindwa. Mimi niko salama. Chumba ninachopanga kina dirisha linalofunguka sasa, mwenye nyumba amelitengeneza. Mjomba Eladio nilimwona kanisani, anakusalimu, anauliza mguu wako wa kushoto. Sikumwambia kitu.

Kuhusu kijiti, nisamehe. Sina zaidi la kusema hapo.

Nimemwuliza Daktari Aravena. Yule mama haongei sana, ila alikaa chini akanichorea goti kwenye karatasi ya dawa. Anasema mbwa mzito sana bila kupasuliwa hupona kwa shida. Mbwa mdogo anaweza. Tizón yuko katikati, na kila kilo tutakayomtoa inamsogeza upande mzuri. Kano haitaungana tena, hilo alisema mara mbili ili nisije nikakudanganya. Kinachotokea ni kwamba mwili wenyewe hujenga nyama ngumu kuzunguka goti, kama fundi anayezungushia waya mguu wa meza. Inachukua miezi. Na kila mbwa anaporuka, waya unafunguka, kazi inaanza upya.

Kwa hiyo wiki nane asikimbie, asiruke, asipande ngazi. Awekwe mahali padogo, pakavu, pa joto, karibu na watu ili asihangaike. Atoke kwa haja tu, kwa kamba, dakika tano. Ukimtoa, mpitishie kitambaa chini ya tumbo, mbele ya miguu ya nyuma, umshike kama mtoto kwenye mbeleko, uzito usimwendee gotini. Maandazi ya kukaanga asipewe tena, Bibi. Nakujua.

Vidonge vya maumivu nitavituma na basi. Daktari ananionya hapa: vidonge vitamfanya ajisikie mzima wakati si mzima. Usimwamini yeye. Amini kalenda.

Ameuliza pia kama Tizón aliwahi kuchechemea kabla ya siku ile. Nikasema sijui. Aliwahi?

Mjukuu wako,
Yasna

*

Estero Hondo, 11 Februari 1996

Yasna,

Mtu akitaka kumvua bibi yake nguo barabarani, afanye kama ulivyofanya wewe Jumanne.

Nilikuwa nimekaa na unga mikononi, redio inasoma matangazo ya saa saba. Nasikia fulani afuate mbegu, fulani shangazi yake amejifungua, halafu yule mtangazaji mwenye mafua anasema: "Bibi Zunilda Jaramillo wa Estero Hondo. Vidonge vya Tizón ni nusu, si kizima, na apewe akiwa ameshiba. Endelea kumshika tumbo kwa mbeleko akienda haja. Asipande ngazi. Ni mjukuu wako Yasna." Akarudia, kama wanavyorudia. Mara mbili, Yasna. Bonde zima wanakula chakula cha mchana saa hiyo na redio imewashwa.

Haikupita saa moja, jirani Ojeda huyo, juu ya farasi wake, anajifanya anatafuta ng'ombe.

"Bi Zunilda, mgonjwa kashiba?"

"Mgonjwa gani?"

"Huyo wa mbeleko. Mke wangu anauliza kama atakuja kumwogesha."

"Mke wako aanze na wewe."

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Nami nilicheka, lakini baada ya yeye kuondoka.

Najua kwa nini ulifanya. Kwenye karatasi uliandika kimoja na ulipokumbuka basi lilikuwa limeshaondoka. Sawa. Nusu ndiyo ninayompa tangu siku hiyo, na hakuna kilichomdhuru. Lakini Eladio naye ana redio. Ijumaa nikapata salamu zake kupitia dereva wa basi: "Mwambie mama nimesikia." Maneno hayo tu.

Sasa habari za mbwa. Nimefanya ulivyoandika. Ghala lina mbu na unyevu, jikoni kuna miguu ya watu na maji ya moto. Nikaona sebuleni. Miaka arobaini na moja mbwa hajakanyaga sebule hii, hata baba wa mama yako alikuwa anavua viatu. Nimemtengea pembe kati ya kabati na dirisha, nikaziba kwa mbao mbili za zizi. Analala hapo kama askofu. Asubuhi namfunga shuka kuukuu tumboni, tunatoka, anakojoa, ananitazama kwa aibu, tunarudi. Namning'iniza kwenye mizani ya sufu, ndani ya gunia. Alikuwa kilo kumi na tisa, sasa kumi na nane na nusu. Maandazi hapati. Ananitazama nikila. Nala nikiwa nimempa mgongo.

Barua nitaandika mimi. Redio waachie wenye misiba.

Bibi yako

*

Coyhaique, 20 Februari 1996

Shikamoo Bibi,

Nisamehe tena. Naona mwaka huu nimeanza kwa kuomba msamaha na sijafika hata Machi. Nafurahi kwamba kuku wengine wapo. Huku mvua, na bei ya kuni imepanda, na mimi nimepewa kazi ya kupima uzito wa wanyama, si kufagia tu.

Mjomba Eladio alikuja hapa zahanati Jumatano. Alisubiri mpaka nikamaliza na paka wa mtu. Halafu akasema:

"Mbwa wa mama ana nini?"

"Goti, Mjomba. Anatibiwa."

"Kwa mbeleko."

"Na vidonge, na kupumzika. Daktari anasema inawezekana."

"Yasna, mimi si mtu mbaya. Mama ana miaka sabini na miwili, yuko peke yake, saa tatu kutoka barabarani. Mbwa huyo alikuwa miguu yake. Nitafanya hivi: ikifika Mei, kama kondoo wameshuka, nitafunga mdomo wangu. Kama hawakushuka, nitaenda na lori, nitauza kondoo, na yeye atapanda mbele na mimi. Mwandikie."

Basi nimekuandikia. Hakuongea kwa hasira. Alinunua hata kamba mpya ya kumfungia Tizón, nimeiweka kwenye kifurushi.

Daktari Aravena anauliza mambo mawili. La kwanza nimeshauliza: alichechemea kabla? La pili: huko ndani analalia nini na anasimama juu ya nini? Sakafu ya namna gani? Anasema mbwa wa goti hatakiwi kuteleza hata mara moja, kuteleza ni sawa na kuruka.

Niambie na mguu wenyewe ukoje. Anaukanyaga?

Yasna

*

Estero Hondo, 12 Machi 1996

Yasna,

Salamu. Wote wazima. Viazi nimechimba magunia manne. Mama yako hajaandika.

Eladio nimemsikia. Ni mwanangu, ana haki ya kusema, nami nina haki ya kusikia kwa sikio moja.

Mbwa ana kilo kumi na saba na robo. Mguu upo.

Mwandiko ni mbaya kwa sababu kiganja cha kulia kimefungwa, nilijigonga. Kwa hiyo barua ni fupi.

Bibi

*

Coyhaique, 19 Machi 1996

Bibi, shikamoo.

Barua yako ina mistari tisa. Nimeihesabu. Wiki tatu nilingoja mistari tisa, na ndani yake mguu "upo".

Nilikwenda stendi kumngoja dereva wa basi. Hakutaka kusema, nikamnunulia kahawa, akasema. Kwamba ulishuka kwenda darajani, basi linaposimama, mkono umefungwa kwa kitambaa cha jikoni. Kwamba Ojeda ndiye aliyekukatia kuni wiki nzima. Kwamba Tizón, Februari alikuwa ameanza kugusa chini kwa vidole, na sasa anabeba mguu juu kabisa.

Nilikaa pale stendi nikaifikiria nyumba. Kati ya kabati na dirisha. Nimekua ndani ya sebule ile, Bibi. Nilikuwa nasimama mlangoni, unanipa vile vitambaa viwili vya kuburutia miguu, na ole wangu nikanyage bila hivyo. Kila Jumamosi unapiga magoti na kopo la nta. Najua sakafu ile. Ningeikumbuka siku ile ile uliyoandika "sebuleni", nisingekuwa nauliza maswali ya daktari kama kasuku.

Umeendelea kuipaka nta?

Nami nina la kwangu ambalo sikuandika. Asubuhi ya Wafalme, kabla hatujaenda mtoni, nilimwona Tizón akiamka. Alisimama kwa miguu mitatu. Akatembea kidogo, wa nne ukashuka, akawa sawa. Nilimwona, nikajiambia ni uzee, na nikarusha. Nilirusha mara kumi au zaidi. Wewe ulinilaumu kwa kijiti, nikakubali lawama hiyo ili nisiseme hii.

Daktari anasema kano hazikatiki kwa siku moja kwa mbwa wa namna hii. Huwa zinalika pole pole, kama kamba ya kisima, halafu siku moja ndoo inaanguka. Sikuambii hili ili nijitoe.

Niandikie. Kwa mkono wa kushoto, kwa mkaa, vyovyote.

Yasna

*

Estero Hondo, 2 Aprili 1996

Yasna,

Umemnunulia dereva kahawa ili amseme bibi yako. Sawa. Mimi ningefanya hivyo hivyo.

Huku baridi imeanza, asubuhi ndoo ina ngozi ya barafu. Ojeda amechinja ng'ombe, amenipa ini. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana inaonekana kama barua ya mlevi.

Swali lako la kwanza umeliuliza mara mbili, na nilidhani ukichoka utaacha. Alichechemea tangu Agosti. Asubuhi za barafu aliamka kwa miguu mitatu, akipata joto anashusha wa nne. Nilikuwa nampaka mafuta ya farasi mlango umefungwa. Septemba Eladio alikuja siku tatu, na siku hizo tatu nilimfunga Tizón ghalani nikasema anafundishwa adabu. Oktoba na Novemba alikusanya kondoo wa kukatwa sufu kwa goti hilo hilo, nami nilimwona. Kijiti chako kilimalizia. Hakikuanza. Nimeshasema na sitarudia.

La pili. Sakafu ile nimeipaka nta kila Jumamosi tangu mwaka 1955. Marehemu mke wa kwanza wa Ojeda alikuwa anakuja kujitazama uso ndani yake. Nilipomwingiza mbwa nilijiambia, hatatoka kwenye pembe yake. Na Jumamosi zilipofika nilipaka, pamoja na pembe yake, kwa sababu nisingeweza kupaka nusu.

Jumamosi tarehe tisa Machi nilikuwa nimemaliza. Akasikia farasi wa Ojeda, akaruka zile mbao. Alipotua, miguu ya nyuma ilikwenda mmoja mashariki mmoja magharibi, kama chura. Nikakimbia kumshika bila vitambaa miguuni. Nikaenda chini na mimi, juu ya mkono. Tulilala pale wote wawili, tunatazamana, mpaka Ojeda akachoka kubisha akaingia.

"Bi Zunilda," akasema, "mnafanya nini?"

"Tunapumzika. Daktari ameagiza."

Akatuinua. Mbwa kwanza, ili ujue heshima yangu imefika wapi.

Nilikaa siku nne nikiitazama sakafu. Siku ya tano nikachemsha maji ya magadi, nikachukua sufu ya chuma ya kusugulia sufuria, nikapiga magoti. Nta ya miaka arobaini na moja haitoki kwa kuombwa. Inatoka nyeusi, kama lami, na chini yake mbao ni nyeupe, zimeparara, kama mtu aliyevua meno bandia. Kwa mkono wa kushoto nilichukua siku sita. Halafu nikatandika ngozi za kondoo, manyoya juu, kutoka pembe yake mpaka mlangoni, na nikazipigilia misumari. Misumari, kwenye sakafu ile.

Mbao za kumzuia nimezipandisha mpaka kifuani kwangu. Kalenda nimeianza upya tarehe kumi na nne Machi. Wiki nane zinaisha tarehe tisa Mei. Ana kilo kumi na sita na nusu. Jana aligusa chini kwa vidole.

Usije ukamsimulia Eladio habari ya chura.

Bibi yako

*

Coyhaique, 24 Aprili 1996

Shikamoo Bibi,

Nimefurahi kwa vidole. Mkono je? Hukuandika. Namwuliza Ojeda kupitia dereva, usikasirike, kahawa si ghali.

Habari ya chura nimeizika. Ya sakafu nilimsimulia Daktari Aravena. Aliweka kalamu chini, akasema, "Ameing'oa yote?" Nikasema yote. Akasema amewahi kuona watu wakiuza farasi ili kumtibu mbwa, lakini hilo hajaliona.

Sasa mpango wake, naandika kwa herufi kubwa kama ulivyotaka. Kuanzia sasa, kamba, tambarare, dakika tano mara tatu kwa siku. Wiki ijayo dakika nane. Halafu kumi na mbili. Polepole sana, ili lazima aukanyage mguu wa nne. Akikimbia ataukunja, akitembea polepole hawezi kuukunja. Kabla ya kutoka, mkande paja kwa kitambaa cha maji ya moto, paja lake limekonda na hilo ndilo litakaloshika goti badala ya kano. Akichechemea zaidi jioni kuliko asubuhi, ulimzidishia, kesho yake punguza.

Mlima, hapana. Nilimwuliza kuhusu Mei, akasema hapana. Nikamwuliza, na mwakani je? Akasema mbwa huyu atatembea vizuri, atazeeka vizuri, na mbwa wengi wa namna hii goti la pili huja likafuata la kwanza. Akasema asipande tena.

Sikujua niliandikeje hilo, nimeliandika hivyo hivyo.

Mjomba anauliza tarehe. Amemwambia mwenye lori ajiweke tayari mwishoni mwa Mei. Naweza kuja, Bibi. Siku nne nitapewa. Sijui kushusha kondoo kama yeye lakini nina miguu miwili.

Yasna

*

Estero Hondo, Jumapili 26 Mei 1996

Yasna,

Ungekuja kufanya nini. Miguu miwili ninayo mwenyewe, nilikuwa nahitaji minane. Salamu nakupa hata hivyo. Mkono umepona, umepinda kidogo, unafungua kopo. Theluji imefika nusu ya mlima. Mama yako ameandika, sasa huko kwake nako kuna baridi, amegundua.

Ilinibidi niende kwa Ojeda. Nilikwenda kwa miguu na sikukaa.

"Nataka mbwa wako wawili, siku mbili."

"Na wako je?"

"Wangu atakaa mlangoni."

"Kufanya nini mlangoni?"

"Kuangalia wako wanavyoharibu kazi."

Miaka arobaini sijamwomba mtu wa bonde hili hata kiberiti. Alitaka kunitania, nikaona utani umemfika midomoni. Akaumeza. Akasema atapanda yeye mwenyewe, mimi nisubiri chini. Nikasubiri. Kupanda sikupanda, hilo nalo uliandike mahali.

Jumanne saa tisa mchana walianza kuonekana. Mbwa wa Ojeda ni wakali, wanasukuma tu. Kondoo walifika mtoni wamebanana, wamechemka, na pale penye kivuko yule jike mwenye sikio lililochanika akakataa maji. Akageuka kufuata ukingo, kuelekea kwenye korongo, na wengine wakaanza kumfuata. Ojeda alikuwa mbali, anapiga mbinja. Mbwa wake wakazidi kusukuma. Wangeingia korongoni pale, wangelala huko, na kesho theluji.

Tizón alikuwa nami langoni, amefungwa ile kamba ya Eladio. Hakuvuta. Alitetemeka tu, nikausikia mtetemeko kupitia kamba. Nikavuka naye daraja la magogo, hatua kwa hatua. Ng'ambo ya pili nikaifungua kamba. Daktari wako asilaumiwe, alikataza mlima, na pale ni tambarare.

Hakukimbia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimkemee, sikuhitaji. Alitembea kama hatua hamsini, anachechemea hatua moja kati ya nne, akaenda kusimama mahali ambapo hata mimi sikuwa nimepafikiria, kati ya jike na korongo. Akashusha kichwa. Akamtazama. Basi. Yule jike akasimama, akapiga mguu chini mara mbili, akageuka, akaingia majini kama ni wazo lake. Wakamfuata wote. Nimehesabu sitini na wanne, mmoja aliliwa na puma huko juu mwezi wa Februari.

Ojeda alishuka farasi, akakaa karibu na Tizón. Halafu akasema, "Hawa wangu nikawapake mafuta gani ili wawe hivi?" Nikamwambia hayauzwi.

Usiku ule goti lilivimba. Siku mbili sikumtoa ila kwa haja, nusu kidonge akiwa ameshiba, maji ya moto. Siku ya tatu uvimbe ukapungua. Leo ametembea dakika kumi. Anaukanyaga. Hautakuwa kama ulivyokuwa.

Sasa sikiliza. Kondoo wameshuka, na mjomba wako alisema wakishuka atafunga mdomo. Ni mtu wa neno, atafunga. Lakini mimi si mjinga. Mwakani watataka kupanda na kushuka tena, na Tizón hapandi, na Ojeda sitamwomba mara mbili. Nimekaa siku nne nikihesabu majani ya uwanda wa chini. Yanalisha ishirini na watano, majira yote, bila kupanda popote. Uwanda ule mbwa anaumaliza kwa kutembea. Nami pia. Kwa hiyo nimechagua majike ishirini na watano, na yule mwenye sikio lililochanika nimemwacha auzwe, ana kiburi. Wanaobaki kwenda ni thelathini na tisa. Zizi nimeshaligawa kwa mbao. Nililia kidogo nikiwa nagawa, upepo ulikuwa mkali.

Sishuki mjini. Nimepunguza kondoo mpaka wakatosha goti. Eladio akikuuliza hiyo ina maana gani, mwambie asome mwenyewe.

Barua hii itakufika Jumanne. Jumanne hiyo hiyo nenda kwa mjomba wako, usimtumie mtu na usimtangazie redioni. Mwambie lori lake la mwisho wa Mei nimelikubali. Liwe pale darajani kwa basi Jumatatu tarehe tatu Juni, saa mbili asubuhi, kwa kondoo thelathini na tisa. Lije tupu. Akileta maboksi ya kufungashia vyombo vyangu, apakie kondoo ndani ya maboksi. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze neno.

Bibi yako,
Zunilda Jaramillo